Maneno Chini ya Picha ya Myriam

Kazi alizozifanya Myriam Kabemba maishani mwake ni nyingi. Aliuza samaki wa chumvi pamoja na shangazi yake, alifua nguo za watu, alisuka nywele, alipikia mafundi wa magari bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na tangu usichana wake mpaka leo ameshona. Kuosha mawe hakuosha. Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, wako wanawake wengi wanaoingia mtoni asubuhi kuosha madini yaliyochimbwa na vijana, mgongo umepinda na miguu imo majini mpaka jua linapogeuka. Myriam aliwaheshimu wanawake hao, na wengi wao alikuwa amewashonea. Ila yeye mwenyewe, jiwe la shaba alilowahi kulishika ni lile moja alilokuwa akiwekea mlango wake usibamizwe na upepo.

Kwa hiyo siku sura yake ilipoonekana barabarani, kubwa kama nyumba, ikisema kwamba alikuwa muosha mawe, hakujua acheke au alie.

Alikuwa amezaliwa Kisenge, mji wa madini ya manganizi, wakati ambapo mgodi ulikuwa umekwisha kunyamaza na wanaume walikuwa wakikaa mlangoni wakingoja mishahara ambayo haikuja. Baba yake alifariki katika kungoja huko. Shangazi yake akamchukua Myriam, wakapanda treni mpaka Kolwezi, wakapanga chumba nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Musafiri, mtu wa Kasongo kule Maniema, ambaye malori yake yalipeleka chumvi na sabuni hadi Dilolo. Mke wa Musafiri, Mama Mariamu, alikuwa na mashine ya kushona ya kukanyaga kwa miguu, na barazani kwake alishona kanzu za wanaume wa msikitini, nguo za shule na mabulauzi ya harusi.

Myriam alikuwa msichana asiye na kazi ya mchana. Shangazi akienda sokoni, yeye alikaa pembeni ya baraza akaangalia sindano ikipanda na kushuka. Siku moja Mama Mariamu, bila kugeuza kichwa, alimwambia, "Kama unataka kuangalia, angalia na mikono." Akamrushia kipande cha gunia la unga. Juu ya magunia ya unga Myriam alijifunza kwenda mstari ulionyooka, kisha mviringo, kisha kola, kisha mkono wa nguo ambao ndio unaowashinda wengi. Akikosea kazi ilifumuliwa. Akipatia hakusifiwa, alipewa kazi ngumu zaidi. Alikula katika sahani moja na Bilkisi, binti wa nyumba ile, na usiku wa mvua walilala mkeka mmoja kwa sababu chumba cha shangazi kilivuja. Wao walikuwa Waislamu na yeye alikuwa Mkatoliki. Jumapili Mama Mariamu ndiye aliyemwamsha, asichelewe misa.

Alipoolewa na Kabemba, fundi wa kuchomelea vyuma, alihamia mtaa mwingine na kununua mashine yake mwenyewe iliyokwisha kutumika. Watoto walizaliwa, miaka ikapita, mzee Musafiri akafariki, macho ya Mama Mariamu yakaanza kuingiwa na ukungu. Hata hivyo kila sikukuu vitambaa vya nyumba ile vilimfikia Myriam. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa.

Mwaka ule kampuni moja ya uchimbaji ilileta mashine mpya za umeme kwa chama cha wanawake washonaji wa mtaa. Sherehe ilifanyika, hotuba zikasomwa, na Myriam, aliyekuwa makamu wa mwenyekiti wa chama, akapokea mashine yake. Tusiseme uongo: ilikuwa mashine nzuri, alifurahi nayo, na mashine hiyo bado anayo. Wiki moja baadaye kijana wa mawasiliano wa kampuni alikuja nyumbani kwake na kamera. Aliitwa Gloire. Alikuwa na suruali iliyopigwa pasi vizuri na tabia ya kuomba ruhusa kwa kila kitu.

"Mama, naweza kukaa hapa? Mama, naweza kupiga picha ya mikono? Mama, utanielezea kidogo maisha yako?"

Myriam alimpa viazi vitamu vya kuchemsha, akamweleza. Alimsimulia Kisenge, treni, chumba kilichovuja, magunia ya unga. Jina la Mama Mariamu alilitaja mara nyingi mpaka yeye mwenyewe akacheka. Gloire alikula, akasikiliza, akaandika kwenye simu yake. Mwisho akamwomba akae mbele ya mashine mpya na kumtazama kana kwamba mtoto wake anarudi kutoka shule. Myriam akatabasamu. Picha ikatoka nzuri sana, na Gloire akamwonyesha pale pale.

"Utaifanyia nini?" Myriam aliuliza.

"Ni kwa mradi, mama. Batu baone kazi yenu."

Myriam akasema sawa, watu na waione.

Habari ya bango aliipata kwa Louise, mwenzake wa chama, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. Louise alishuka kwenye pikipiki hata kabla haijasimama.

"Eh, Myriam! Kumbe uko nyota sasa! Uko kwenye pano, pale rond-point, mukubwa kuliko kanisa!"

Walikwenda pamoja. Bango lilikuwa limesimamishwa penye mzunguko wa barabara, mahali malori ya shaba yanapopunguza mwendo na kutimua vumbi jekundu. Juu yake alikuwa Myriam, akitabasamu kama mtu aliyeona mtoto wake anarudi. Na chini ya tabasamu hilo, kwa herufi nene:

JANA NILIKUWA NAOSHA MAWE.
LEO NINASHONA MAISHA YANGU.
AKSANTI KWA KAMPUNI ILIYONIFUNDISHA.

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Myriam, mwanafunzi wa mradi wetu.

Louise alisoma kwa sauti, kisha akasoma tena polepole. "Mwanafunzi?" akasema. "Wewe njo ulinifundisha mi kukata suruali!"

Kweli, Myriam ndiye aliyemfundisha. Lakini sasa alikuwa akiangalia neno moja tu: iliyonifundisha.

Mwanzoni watu walilichukua kama jambo la furaha. Kabemba alipiga picha ya bango na kuwatumia ndugu zake wote mpaka Mbuji-Mayi. Watoto walipita na wenzao kulionyesha. Padri alimtania baada ya misa. Myriam alicheka pamoja nao, akajiambia kwamba ni maneno tu, na kila mtu anayemjua anajua. Lakini mji umejaa watu wasiomjua. Wateja wapya walianza kumuuliza kama kweli amekwisha kujua vizuri, maana wamesikia ni mwanafunzi. Mwanamke mmoja anayeosha mawe kwelikweli alimsimamisha sokoni, akamtazama miguu, kisha akamwambia bila ubaya, "Mama, mi sijawahi kukuona kwenye maji. Ulikuwa unaosha upande gani?" Myriam akajikuta akiomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kisha akaja Bilkisi. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, na kikwembe cha harusi, kitenge chake, kilikuwa kimekwisha kuletwa kwa Myriam, kimekatwa, kinangoja kuunganishwa. Bilkisi alisimama mlangoni wala hakukaa.

"Mama anasema nichukue kile kikwembe."

"Sijakimaliza."

"Anajua. Anasema tutaangalia mushonaji mwingine."

"Juu ya nini, Bilkisi?"

Bilkisi alitazama pembeni. Walikuwa wamelala mkeka mmoja, watu hawa wawili. "Sijui. Muulize mwenyewe," akasema, akatia vipande vya kikwembe katika mfuko, akaondoka.

Myriam aliiacha kazi juu ya mashine, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda nyuma yake kwa miguu. Alimkuta Mama Mariamu barazani, pale pale pa siku zote, ingawa mashine ya kukanyaga ilikuwa imeingizwa ndani siku nyingi. Mzee alikuwa na tasbihi mkononi. Alisikia hatua, akainua uso.

"Nani?"

"Ni mi, mama. Myriam."

"Myriam wa kampuni?"

Jina hilo lilimchoma. Alikaa chini kwenye sakafu, karibu na miguu ya mzee, kama alivyokuwa akikaa zamani.

"Mama, usiseme vile."

"Mi sisemi. Pano njo inasema. Bilkisi alinisomea. Nikamuambia anisomee tena, nikafikiri labda macho yake nayo yameanza kufa kama yangu."

"Mi sikuyasema yale maneno. Yule kijana nilimuambia yote, tangu Kisenge. Jina lako nililitaja, mama. Nililitaja sana."

"Sasa jina langu lilipotelea wapi?"

Ndani ya nyumba sahani zilikuwa zinaoshwa, na ghafla zikanyamaza. Bilkisi alikuwa anasikiliza.

"Mi sina hasira ya kutaka kitu," Mama Mariamu aliendelea, sauti ikiwa chini. "Kwa umri wangu huu, nitafanyia nini kuandikwa barabarani? Lakini batu banapita pale banasoma kwamba Myriam alikuwa kwenye maji peke yake, hana mutu, mpaka kampuni ikamuokota. Ulikuwa na batu, Myriam. Ulikuwa na nyumba nzima ya batu."

Hapo Myriam alilia, na mzee akamwacha alie. Hakumshika mkono wala hakumfukuza. Baadaye alisema tu kwamba chai iko, anywe kabla ya kwenda.

Siku iliyofuata Myriam alikwenda kwenye ofisi za kampuni. Mlinzi alimtambua kutoka kwenye bango, akataka kupiga naye picha, kisha akamwambia akae kwenye benchi angoje. Alingoja mpaka magari ya wakubwa yakaenda kula na kurudi. Gloire alipotoka alifungua mikono kwa furaha.

"Mama Myriam! Mama wetu wa pano!"

"Nimekuja juu ya yale maneno."

Furaha ilipungua kidogo. Alimwingiza katika chumba chenye ubaridi wa mashine, akamletea maji ya chupa.

"Mama, bon, uelewe. Nikiandika maisha yako yote, pano itakuwa gazeti. Mutu wa gari anapita haraka. Tunataka maneno machache."

"Basi ungeandika machache ya kweli."

Gloire alijikuna shingo. Akaeleza kwamba maneno yalitoka juu, kwa wakubwa. Akaeleza kwamba wanaonunua madini ng'ambo wanataka kuona mwanamke aliyetoka mtoni, kwa sababu wanasikia habari mbaya za mito yetu. Wanataka jana na leo, kabla na baada. Mtu aliyekuwa anashona na bado anashona, hata kama ameongezewa mashine, kwao si habari.

"Na kwenye mradi hakuna mwanamke aliyetoka mtoni kweli?"

"Walikuwa wawili. Mmoja hakutaka picha." Gloire alisita. "Na mwingine alirudi kwenye maji. Umeme ulikuwa unakatika, mashine haitembei, na watoto wanataka kula."

"Kwa hiyo ukachukua maisha yake ukanivalisha mi."

Gloire alivuta kiti karibu akasema kitu ambacho Myriam hakukitegemea. Kampuni ilikuwa inatafuta washonaji wa kutengeneza mavazi ya kazi ya wafanyakazi wake. Ilikuwa kazi ya miezi mingi. Yeye angeweza kuweka jina la Myriam mbele. Kampuni ingependa sana, mama wa pano ndiye anashona mavazi! Lakini jambo hili la maneno, bon, ingekuwa vizuri likae kimya.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayesaidia, na huenda moyoni mwake alikuwa anasaidia kweli. Myriam naye, na hili hakulificha alipolisimulia baadaye, aliitaka kazi ile. Aliitaka kwelikweli. Paa lake lilikuwa limechoka, mwanawe mkubwa alikuwa anamaliza sekondari, na wateja walikuwa wamepungua kwa ajili ya bango lile lile. Alisema, "Acha nifikiri," akatoka juani.

Nyumbani Kabemba alisikiliza hadithi yote huku akila.

"Chukua kazi," akasema. "Maneno ni maneno. Mvua zikianza yatafutika."

"Wewe wakikuandika kwamba kampuni njo ilikufundisha kuchomelea, si baba yako?"

Kabemba alikuwa amefinyanga tonge la bukari, likabaki mkononi. Baba yake alikuwa fundi aliyejulikana, mkali, aliyemfundisha mwanawe kwa matusi na kwa mapenzi. Kabemba akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Mzee angefufuka," akasema. "Angekuja na nyundo."

Wote wawili walicheka, na baada ya kucheka Kabemba hakurudia tena habari ya kuchukua kazi.

Myriam alirudi kwa Gloire na sharti moja. Hakuomba bango lishushwe. Alijua kijana yule hana nguvu hiyo. Alimwambia, "Kuja na mi kwa Mama Mariamu. Yale uliyonielezea mi, umuelezee yeye. Basi. Mengine tutaona."

Gloire alikubali haraka kuliko Myriam alivyofikiri. Alikuja alasiri, baada ya swala, akiwa na mfuko wenye nembo ya kampuni: ndani mlikuwa na kofia, fulana na sukari. Kamera ilikuwa shingoni. Myriam aliitazama tu, na Gloire akarudi garini kuiweka.

Mama Mariamu alimpokea kama anavyopokea mgeni yeyote. Alimwuliza ametoka wapi, akajibu Likasi. Alimwuliza kama wazazi wapo, kama amekula, kama ameoa. Bilkisi alileta chai na mikate. Gloire alikuwa amejiandaa kusema maneno, ilionekana wazi, alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini kila alipofungua kinywa mzee alimwongezea chai. Hatimaye Mama Mariamu akaweka tasbihi mapajani.

"Mutoto wangu, mi macho yangu hayaoni tena. Unisomee ile pano."

"Mama, si Bilkisi alikusomea?"

"Nataka kusikia kwa kinywa chako."

Gloire alitoa simu, akatafuta picha, akasoma mbiombio kama mtoto anayetaka kumaliza. Mzee akamwambia hakusikia vizuri, asome polepole. Akasoma polepole. Jana nilikuwa naosha mawe. Leo ninashona maisha yangu. Aksanti kwa kampuni... Alipofika hapo alisimama. Akatazama baraza, akamtazama Bilkisi aliyeshika birika, akamtazama Myriam sakafuni.

"Endelea," mzee akasema.

"...iliyonifundisha."

"Ni nani aliandika?"

Myriam alitegemea kusikia tena habari za wakubwa na ya kwamba maneno yalitoka juu. Gloire aliweka simu kifudifudi juu ya goti.

"Ni mi, mama. Wao walisema nitafute mwanamke na maneno mazuri. Maneno nilitafuta mi. Niliandika hapo nje, kwenye gari, siku ile nimetoka kwake. Nilijua jina lako. Nililiandika kwanza, halafu nikalifuta."

Kisha Gloire akaendelea. Alisema kwamba alisoma mawasiliano chuoni Lubumbashi, na kwamba huko kulikuwa na somo linaloitwa déontologie.

"Hilo ni la nini?" Bilkisi aliuliza.

Gloire alifikiri. "Ni somo la kusema kweli wakati unalipwa kwa kusema."

"Na ulipata alama nzuri?" Mama Mariamu aliuliza.

"Nzuri sana, mama."

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho yake yasiyoona kwa ncha ya ushungi, na Bilkisi akacheka, na Myriam naye, na mwisho kijana mwenyewe akacheka, uso ukimwaka kwa aibu. Aliomba msamaha baada ya kicheko hicho, kwa maneno ya kawaida ambayo hakuyapanga. Mama Mariamu alimwambia amesikia. Sukari aliipokea, akamwambia Bilkisi aimimine kwenye kopo. Mfuko, kofia na fulana aliagiza virudi na mwenyewe.

"Sukari haina maandishi," akasema.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba asubuhi yake bango lilibadilishwa. Halikubadilishwa. Gloire aliandika maneno mapya: kwamba Myriam alifundishwa kushona na Mama Mariamu, na kwamba kampuni imemwongezea mashine. Akayapeleka kwa mkuu wake. Mkuu aliyasoma, akauliza ni nani huyo Mariamu na kampuni inapata nini kwake. Bango lilikwisha kulipiwa, likabaki mahali pake, na Myriam akajifunza kupita njia nyingine.

Baadaye walitangazwa wageni kutoka ng'ambo, watu wa viwanda vinavyonunua madini. Mkuu alitaka Myriam asimame mbele yao aseme yale yale ya bango, na Gloire atafsiri. Yaliyosemwa katika ofisi ile Myriam aliyapata vipande vipande, kwa sababu Gloire hakupenda kuyazungumza. Alichokielewa ni kwamba kijana alimwambia mkuu wake kuwa mama yule hatayasema maneno yale, na kwamba hata akiyasema, yeye hatayatafsiri. Wageni walikuja, wakaonyeshwa miti iliyopandwa, wakaondoka. Gloire aliondolewa kwenye mawasiliano, akawekwa mlangoni, kwenye chumba cha kutoa vitambulisho vya wageni. Kazi ya mavazi ilikwenda kwa kiwanda kimoja cha Lubumbashi.

Siku aliyosikia hilo la mavazi, Myriam alikaa mbele ya mashine bila kushona. Hakujuta, lakini iliuma. Kabemba alipanda juu ya nyumba na vipande vya bati alivyookota kwenye karakana, akaziba palipoweza kuzibwa.

Bilkisi alikuwa amekwisha kurudisha kikwembe, hata kabla ya wageni kuja. Alikileta mwenyewe na safari hii aliingia, akakaa, wakazungumza mpaka chakula kikaiva. Myriam alipomaliza nguo aliipeleka kwa Mama Mariamu, na mzee akaipitisha vidoleni mshono kwa mshono, akimung'unya midomo kama anayesali. Penye bega la kushoto vidole vilisimama.

"Hapa umekimbia."

Myriam akatazama. Ni kweli, pale alikuwa ameshona kwa haraka.

"Fumua," Mama Mariamu akasema. Myriam akaifumua pale pale barazani, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu bango liliposimama.

Bango lilishushwa mwishoni, kabla ya mvua. Hakuna aliyekuja kueleza. Asubuhi moja alikuwapo Myriam, jioni alikuwapo msichana wa Kinshasa akitangaza mtandao wa simu. Louise, aliyeleta habari hiyo pia, alisema msichana yule ana meno mazuri lakini nguo yake imeshonwa vibaya.

Mwaka uliofuata kampuni ilituma mtu mwingine wa mawasiliano, binti aliyeitwa Jessica, mchangamfu, mwenye haraka. Alitaka picha za wanawake wa chama kwa ajili ya jarida. Walimkaribisha chumba chao cha kushonea, wakampa kiti. Kabla hajafungua kamera, Myriam alimwambia kwamba hapa picha haipigwi mpaka maneno yake yasomwe kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Jessica alisema hilo halijawahi kufanyika. Wakamwambia hapa linafanyika. Alipiga simu ofisini, akatoka nje akazungumza kwa Kifaransa, akarudi, akakaa chini na kompyuta yake mapajani.

Akasoma, "Wanawake hawa wameokolewa na mradi."

"Kuokolewa na nini?" Louise aliuliza. "Kulikuwa moto?"

Jessica akafuta. "Wamesaidiwa na mradi."

Hapo ukazuka ubishi. Wengine walisema kusaidiwa ni kweli, mashine si mlileta ninyi? Wengine walisema neno hilo linafanya waonekane walikuwa wamekaa tu wakinyoosha mikono. Mwanamke mmoja kijana, aliyewahi kuosha mawe na akaacha kwelikweli, alisema yeye kusaidiwa amesaidiwa, na anataka liandikwe hivyo kwake, na jina lake likae hapo, na iandikwe pia kwamba umeme unakatika. Myriam alisema ana haki. Louise alisema kwake yeye liandikwe ameongezewa, kwa sababu kushona alikuwa anajua. Jessica aliandika, akafuta, akaandika, jasho likimtoka, na polepole haraka yake ikamwisha. Aliomba maji. Aliuliza tofauti ya neno hili na lile, akaelezwa na watu watano kwa pamoja.

"Sasa nisome?" akauliza.

"Soma," Myriam akasema, akasimamisha mashine ili wote wasikie.

Jessica akasoma. Louise alikuwa ameinamisha kichwa, mkono sikioni.

"Soma tena," akasema.

Na Jessica akasoma tena.